King'ora cha boti kinaponyamaza: kutafuta hitilafu kwenye mtambo wa tahadhari wa kujifungia mwenyewe

Boti ninayoizungumzia hapa ni faiba ya mita saba hivi, ya kuvulia au ya kubebea watu wachache, yenye mashine ya nje ya hospawa 15 au 40. Ina betri ya volti 12, mara nyingi ile ndogo ya ampia-saa 7, inayochajiwa na paneli ya sola iliyofungwa juu ya kivuli. Ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, kuna swichi ya boya, inayofanya kazi boya lake likinyanyuliwa na maji, na bomba la umeme la kutoa maji. Kwenye mashine kuna sensa ya joto, na karibu na usukani kuna baza ya kelele na taa nyekundu. Siku hizi wengine huongeza bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuamrisha vifaa, yenye laini ya simu, ili boti ikilala nangani mwenyewe apate meseji nyumbani. Fundi redio wa mtaani anaweza kuufunga mtambo huu wote kwa siku moja. Kuufanya udumu baharini ndiko kazi ilipo.

Nimefunga mitambo ya namna hii kwenye boti za Sahare na Kigombe, mkoani Tanga, na nimeitwa kuitengeneza mara nyingi kuliko nilivyoifunga. Mtambo unaolia ovyo unaudhi, lakini angalau kila mtu anajua kuwa ni mbovu. Unaonitia hofu ni ule uliokufa zamani huku wenye boti wakidhani kimya chake ni usalama. Kwa hiyo naanza na kimya.

Kabla ya kugusa waya

Kama tangi la petroli liko ndani ya boti, fungua vifuniko vyote, acha upepo upite, kisha nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutuama chini kabisa, palepale ngamani ulikofunga swichi na bomba. Rilei ya kawaida, yaani swichi inayoamrishwa na umeme mdogo, hutoa cheche kila inapofunga na kufungua, na swichi ya kubonyeza ni hivyohivyo. Ukinusa petroli, acha umeme kwanza utafute petroli inatoka wapi. Rilei na fyuzi zikae juu, karibu na usukani, mbali na tangi. Hili silipunguzi hata mwenye boti akilalamika kuwa waya utakuwa mrefu.

Vifaa ni vichache: mita ya umeme, waya wa kurukia wa mita kama kumi, ndoo ya maji, na balbu ya indiketa ya pikipiki ya volti 12, wati 10, uliyoiungia nyaya mbili. Balbu hiyo naithamini kuliko mita. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo kiungo kilichooza hadi kubaki na uzi mmoja wa shaba bado kitakuonyesha volti 12. Balbu huvuta karibu ampia 0.8, na kiungo cha namna hiyo kitaifanya iwake hafifu au isiwake kabisa. Mafundi wengi wamezunguka siku nzima kwa sababu mita iliwaambia umeme upo.

Maji yameingia, king'ora hakilii

Usianze kufungua kila kitu. Inua boya kwa mkono. Kama baza inalia, umeme wako ni mzima na tatizo ni mahali boya lilipo, au kuna kitu kinachozuia lisielee. Kama hailii, nenda kwenye kiungo cha waya za boya uzigusanishe. Ikilia hapo, boya limekufa. Isipolia, nenda kwenye baza yenyewe uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wa kurukia. Ikilia, hitilafu iko kati ya betri na baza: fyuzi, rilei, waya wa hasi au bodi. Isipolia, baza ndiyo mbovu. Kwa hatua tatu umeshajua uende upande gani, na hujakata hata waya mmoja.

Boya likiwa zima lakini halinyanyuki, mara nyingi utakuta nyuzi za nyavu zimejisokota kwenye bawaba yake, au magamba ya samaki yamegandamana na mafuta na kuligundisha chini. Osha kwa maji baridi na sabuni. Likijinyonga tena wiki ijayo, litengenezee chumba: kipande cha bomba la plastiki la inchi tatu au nne, kilichotobolewa matundu madogo chini na tundu moja juu la kutolea hewa. Maji yatapita, uzi hautapita. Tundu la juu usilisahau, kwani hewa ikinaswa ndani maji hayapandi.

Halafu kuna mahali pa boya. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa maji ya boti msemo huu ni kweli kabisa, ila ngama ina urefu. Boti ikikimbia, omo (mbele) huinuka na maji yote hukusanyika tezi (nyuma). Ikilala nangani na nyavu na barafu vikiwa mbele, maji yaleyale huenda omo, na boya lililofungwa tezi linabaki kavu huku mbele maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nimeiona boti imelala hivyo asubuhi baada ya mvua ya usiku, boya zima, betri nzima, baza nzima, na hakuna aliyesikia chochote. Chukua ndoo mbili za maji, mimina ndani ukiwa umeipakia boti kama inavyolala kweli, uone maji yanatulia wapi. Kama yanatulia sehemu mbili kwa nyakati tofauti, weka maboya mawili sambamba kwenye mzunguko mmoja. Bei yake ni ndogo.

Hitilafu inayoongoza kwa mbali ni kiungo cha waya kilichowekwa chini ngamani. Maji ya chumvi hupanda ndani ya waya kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Ukimenya mpira unakuta shaba imekuwa nyeusi, au kuna unga wa kijani. Usilehemu juu ya shaba nyeusi. Lehemu haishiki, inakaa juu kama tone la nta. Kata nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, hata kama itabidi upoteze nusu mita. Ikiwa weusi umeenda mbali zaidi, badilisha waya wote, na ukipata ule uliopakwa bati kwenye kila uzi, lipia tofauti ya bei. Kisha kiungo kipya kiweke juu, chini ya ukingo wa boti, ili ngamani ushuke waya usio na kiungo. Kifunge kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Tepe nyeusi ya umeme haifai. Inashika unyevu na kuufungia humo.

Na hapa niseme jambo kuhusu silikoni. Ile ya dirishani inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula shaba. Fundi anaimimina kwa nia njema kwenye kiungo ili kuzuia maji, na baada ya miezi michache kiungo kimeoza ndani ya silikoni isiyo na hata tundu. Tumia isiyo na harufu ya siki, au epoksi.

Kishikio cha fyuzi nacho kina tabia yake. Fyuzi ya kioo unaiangalia, uzi wake ni mzima, unairudisha, unaendelea kutafuta kwingine. Itoe, kwangua vikofia vyake viwili na vile vibati vinavyoishika, paka vaselini kidogo, kisha pima kwa balbu upande wa pili wa fyuzi. Fyuzi yenyewe ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye nguzo ya chanya, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Na kamwe usizibe nafasi ya fyuzi kwa uzi wa waya au karatasi ya sigara. Faiba huungua vibaya, na umekaa juu ya petroli.

Baza ikifa, mara nyingi ni kwa sababu mdomo wake ulielekezwa juu, mvua na mawimbi yakaingia, chumvi ikaganda. Ielekeze chini.

Ukishatengeneza, fikiria kuugeuza mzunguko. Kwa kawaida swichi ya boya iko wazi, haipitishi umeme, pakiwa pakavu, na hufunga na kupitisha maji yakija. Waya ukikatika, huna habari. Maboya mengi madogo yenye sumaku ndani unaweza kuyachomoa kwenye kijiti chake na kuyarudisha juu chini, yakawa yamefunga pakiwa pakavu na kufunguka maji yakija. Sasa waya ukikatika, kiungo kikioza, panya akitafuna, baza inalia. Gharama yake ni umeme wa kushikilia. Ukitumia rilei ya gari, koili yake huvuta karibu ampia 0.13 muda wote, yaani zaidi ya ampia-saa 3 kwa siku, karibu nusu ya betri yako ndogo. Tumia transista au mguu (pini) wa Arduino badala yake, utavuta miliampia chache tu. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mmoja unaotenganisha mtambo wa kuaminika na pambo.

Kinalia na hakuna maji

Usilidharau hili. King'ora kinachodanganya mara tatu kwa usiku, mara ya nne hunyofolewa waya, na waya ule haurudishwi. Boti nyingi nilizokuta kimya zilianzia hapa.

Kama kinalia boti ikiwa kwenye mawimbi tu, basi maji kidogo ya kawaida yanacheza na kulirusha boya. Kile chumba cha bomba la plastiki hutuliza maji, na kwenye bodi weka uvumilivu wa sekunde 10: boya likae juu sekunde 10 mfululizo ndipo baza ilie. Kwa tundu halisi sekunde 10 hazibadilishi kitu.

Kama kinalia asubuhi na mapema au baada ya mvua, kisha kinanyamaza jua likichomoza, huo ni unyevu. Wanaotumia misumari miwili badala ya boya ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu utando wa chumvi kati ya misumari huvuta umande wa usiku na kupitisha umeme. Kuna ubaya mwingine: umeme wa betri ukipita majini muda wote, msumari wa chanya huliwa mpaka ukaisha, hata ukiwa wa chuma cha pua. Kama huwezi kuiacha misumari, bodi iipe umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, mara moja kila sekunde chache, isome na kuzima. Lakini boya ni bora.

Unyevu unawasumbua hata wenye boya wanaotumia Arduino. Rezista ya ndani ya bodi inayoushikilia mguu kwenye volti ya juu ni dhaifu mno, kati ya kiloomu 20 na 50, hivyo uvujaji mdogo kwenye kiungo chenye umande unatosha kuidanganya. Ongeza rezista ya nje ya kiloomu 1 hadi 4.7, tatizo mara nyingi huisha hapohapo. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu huo na hasi.

Kapasita hiyo husaidia pia kwa boti zenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Ukibonyeza kuongea kwenye chaneli 16 na king'ora kikalia, waya mrefu wa boya umegeuka antena. Usokote waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, na uutenge na ule wa antena.

Kinalia unapowasha mashine kwa stata? Stata huivuta betri hadi volti 10 au chini yake kwa muda mfupi, bodi inazimika na kuwaka upya, au kengele ya betri dhaifu inadhani betri imekufa. Dawa bora ni mtambo wa tahadhari kuwa na betri yake ndogo, tofauti na ya stata. Na kama kinalia au bodi inajizima kila bomba linaposimama, tazama rilei: koili yake ikikatiwa umeme hurudisha mpigo mkali wa volti. Diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, inaumaliza mpigo huo.

Bomba linafanya kazi, lakini asubuhi betri imekufa

Hapa ndipo watu wanadanganyika kwa starehe. Bomba linalojiwasha lenyewe ni zuri, ila linaficha ugonjwa. Boti inavuja, bomba linatoa, boti inavuja, bomba linatoa, usiku kucha, na hakuna anayejua mpaka betri inaisha. Ndipo maji yanapanda. Kwa hiyo taa ya bomba iwepo usukani, na kama una bodi, ihesabu bomba limewaka mara ngapi tangu jana. Boti iliyokuwa ikiwasha mara mbili kwa siku ikafika mara 20 inakuomba uipandishe pwani, hata kama ngama ni kavu.

Hesabu zenyewe zifikirie kabla hujaliamini bomba. Tundu la sentimita 2.5, sentimita 30 chini ya maji, huingiza lita kama 43 kwa dakika, zaidi ya ndoo mbili kubwa. Bomba dogo lililoandikwa lita 1,900 kwa saa, kwa kusoma maandishi yake tu, ni lita 32 kwa dakika. Likilazimika kupandisha maji mita moja kwenye mpira mrefu uliojikunja, halifiki hapo. Na tundu la sentimita 5 lililo sentimita 60 chini linaingiza lita kama 240 kwa dakika. Bomba halishindani na tundu. Kazi yake ni maji ya mvua na ya mawimbi, na kazi ya king'ora ni kukupa dakika za kuziba kwa kitambaa, kukumba maji kwa ndoo, kuvaa jaketi okozi na kuelekeza omo nchi kavu. Ndiyo maana boya la king'ora huwekwa juu kidogo ya boya la bomba, kama upana wa kiganja: likilia, ujue bomba limeshindwa au limekufa.

Kwa mvua, hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Boti ya wazi ya mita 7 kwa 2, mvua ya masika ya milimita 50 usiku mmoja, ni lita 700. Bomba likitoa lita 20 kwa dakika linahitaji dakika 35 za kazi, na kwa ampia 3 hiyo ni chini ya ampia-saa 2. Betri ya ampia-saa 7 inaweza, kama ilikuwa imejaa. Lakini masika huja na mawingu siku nne mfululizo na sola haichaji, na usiku wa tatu ndio unaozamisha.

Sababu nyingine ya bomba kuwaka na kuzima bila kukoma ni maji yanayorudi. Mpira wa milimita 19 wenye urefu wa mita 3 hubeba karibu lita moja. Bomba likizima, lita hiyo inarudi ngamani, boya linanyanyuka, bomba linawaka. Wengi hufunga vali ya kuzuia maji kurudi, nami siipendi, kwa sababu gamba moja la samaki linaikwamisha, ama wazi ama, vibaya zaidi, imefungwa. Fupisha mpira na uinue boya kidogo.

Bomba lisilozima kabisa hata pakavu: tazama boya la sumaku. Swichi yake ya ndani ni vijiti viwili vyembamba ndani ya kioo, na vingi haviwezi kubeba hata ampia moja. Ukiliunga boya hilo moja kwa moja na bomba la ampia 3, vijiti huungana kwa joto na havitaachana. Boya hilo liamrishe rilei, na rilei ndiyo iliwashe bomba.

Linalowaka polepole, kwa sauti ya uchovu: waya mwembamba. Waya wa spika wa milimita za mraba 0.75, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza karibu volti 0.7 kwa bomba la ampia 3. Ule wa 2.5 unapoteza volti 0.2. Kama waya ni mnene na bado limechoka, fungua kikapu chake, utakuta uzi wa mshipi umezunguka kwenye panga za ndani.

Na betri yenyewe ipime ikiwa imepumzika saa chache bila jua wala mzigo. Volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 11.9 imekwisha. Kengele ya betri iweke kwenye 12.1, na uvumilivu wa dakika moja. Ukiiweka 12.4 italia kila usiku na utaizima. Jua likiwaka, soma tena: lazima ipande kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu adhuhuri, paneli au kidhibiti chake hakichaji, na kwingine kote unapoteza muda.

Sensa ya joto haisemi kitu

Kabla ya sensa, angalia mkojo wa mashine, yaani maji ya kupozea yanayotoka kwenye tundu lake dogo. Mashine ya nje inayopoa vizuri hukojoa mkondo imara. Ukidhoofika, chokonoa tundu lake kwa uzi mwembamba, mashine ikiwa imezimwa. Kiota cha chumvi au mchanga hapo kinaweza kuuzuia mkojo ilhali mashine inapoa sawa. Ukiendelea kuwa dhaifu, ni panga la pampu ya maji, na hakuna king'ora kinachotengeneza hilo.

Kwa mashine hizi natumia swichi ndogo ya joto aina ya KSD301, ya nyuzi 80, iliyobanwa kwenye kichwa cha silinda. Ikikaa kimya mashine ikichemka, mara nyingi imebanduka. Iliyofungwa kwa tepe au waya hukaa wiki mbili, kisha mtikisiko unaiachanisha na chuma, na inapima joto la hewa. Ibane kwa boliti, na grisi ya joto chini yake. Ijaribu kwenye sufuria: ining'inize kofia yake tu ikigusa maji, mita ikipima. Kwa maji ya vuguvugu isibadilike, yakichemka lazima ibadilike.

Kosa ambalo limewasumbua wengi ni la mashine za kuvuta kamba. Fundi anafunga sensa ya waya mmoja, akitegemea mwili wa mashine uwe hasi kama kwenye gari. Lakini mashine ya kamba haina uhusiano wowote na betri yako ya sola. Umeme hauna pa kurudia. Vuta waya wa hasi kutoka kwenye betri hadi kwenye mwili wa mashine.

Kwa wenye sensa inayobadilika ukinzani, ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda, kumbuka kwamba waya uliokatika husomeka kama baridi kali na waya uliogusana na mwili husomeka kama moto mkali. Iambie bodi kwamba namba za ncha zote mbili ni hitilafu, na ipige kelele tofauti.

Kwenye mashua zenye dizeli ya ndani, taa ya oili isiyowaka hata unapowasha swichi kabla ya kupiga stata ni ishara mbaya. Swichi ya oili hufunga pasipo na presha na kufunguka presha ikija, ikitumia mwili wa injini kama hasi. Fundi akiizungushia tepe nyeupe ya mabomba ya maji, tepe hiyo inaitenga na injini, taa haiwaki tena, na kila mtu anafurahi kuwa oili ni nzuri. Itoe tepe, acha angalau nyuzi za skrubu ziguse chuma.

Meseji hazifiki

Moduli ya SIM800L, ile inayobeba laini ya simu na kutuma meseji, inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotafuta mnara au kutuma huvuta hadi ampia 2 kwa mipigo mifupi. Ukiipa umeme kutoka kwenye mguu wa Arduino, itawaka, itaonyesha taa, kisha itajizima kila inapojaribu kutuma. Ipe kipunguza volti chake chenye uwezo wa ampia 2 au 3, kikiwekwa kwenye volti 4, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na moduli kwa waya mfupi. Antena isikae ndani ya sanduku la chuma.

Ikiwa umeme ni mzuri, toa laini uiweke kwenye simu ya kawaida. Kifurushi kimekwisha? Laini imefungiwa kwa kutotumika? Ina namba ya siri? Moduli hiyo inajua 2G tu. Namba ya kupokea iandikwe kwa +255. Boti inayolala karibu na mpaka, kule Moa au Jasini, inaweza kudaka mnara wa Kenya, na laini isiyoruhusiwa huko haitumi.

Halafu iamuru itume meseji moja kila siku saa 12 jioni: volti za betri na idadi ya kuwaka kwa bomba. Inagharimu senti. Siku isipofika, chukua tochi uende ufukweni.

Kengele ya nanga inalia kila maji yakigeuka

Ukitumia simu yenye GPS, kengele hulia boti ikitoka nje ya duara uliloliweka, na katikati ya duara hilo lazima iwe pale nanga ilipodondoka. Watu hudondosha nanga, boti inarudi nyuma hadi kamba inyooke, ndipo wanakumbuka simu. Kwa kamba ya mita 25, maji yakigeuka baada ya saa sita hivi, boti itakuwa karibu mita 50 kutoka hapo na nanga haijasogea. Bonyeza unapodondosha, na duara liwe kamba, urefu wa boti, na mita 10 za kosa la GPS: kwa mfano huu, mita 40 na kidogo. Kengele isipolia kabisa, simu imeizima programu ili kuokoa chaji. Iondolee kizuizi hicho kwenye mipangilio.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hii ndiyo inayochosha. Ukifika imepona. Muulize nahodha ilikuwa saa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, mashine ilikuwa inaunguruma au imezimwa, jua au umande. Kisha irudishe hali hiyo: tikisa kila waya ukiwa unaitazama balbu, nyunyiza maji ya chumvi kwenye kiungo kimoja kimoja ukianzia cha chini, washa mashine. Ukikipata, andika tarehe na kiungo kilichooza kwenye kipande cha karatasi, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kiache ndani ya sanduku la fyuzi. Fundi atakayefuata ataanzia hapo.